Kenyatta Avenue kwa miguu: anzia kwenye karatasi

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia Arusha. Mwezi ujao nitapita Nairobi na binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, na tutakuwa na asubuhi moja tu mjini kabla ya basi. Nimesoma kwamba Kenyatta Avenue ilifanywa pana ili mkokoteni wa ng'ombe kumi na sita uweze kugeuka. Ni kweli? Na tukitaka kuitembea tuanzie wapi, maana kwenye picha naona vioo na mabenki tu?"

Marahaba, mwalimu, na karibuni sana Nairobi.

Nianze na ng'ombe, maana ndio wanaotangulia katika kila maelezo ya barabara hii. Hadithi uliyoisoma ndiyo tuliyosimuliwa sote: jozi nane za ng'ombe na mkokoteni wao wageuke bila kufunguliwa nira. Wenyeji wa Bulawayo, kule Zimbabwe, nao wanaisimulia ya mji wao karibu vilevile. Mimi naikubali nusu. Mikokoteni ilikuwako kweli. Mji ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na mizigo ya walowezi ilishuka stesheni ikaendelea na safari nyuma ya ng'ombe. Lakini mkiwa na nafasi, tokeni Kenyatta Avenue mwende kaskazini dakika chache tu hadi Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street, mtaa wa maduka ya Wahindi. Uone wembamba wake. Mizigo ya bazaar nayo ilibebwa na ng'ombe. Ng'ombe walikwenda kote. Upana haukwenda kote. Palipotazamiwa kujengwa benki na hoteli za Wazungu ndipo palipopewa nafasi ya kupumua. Kwa hiyo binti akiuliza, mwambie ng'ombe ni sababu, ila si sababu yote.

Jina nalo limebadilika mara mbili. Mwanzo iliitwa Sixth Avenue, jina la mpima ardhi asiye na la kusema. Kisha ikawa Delamere Avenue, kwa heshima ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi aliyefariki mwaka 1931. Mwaka 1964 ikawa Kenyatta Avenue. Wazee wachache bado huwaponyoka ulimi wakasema Delamere.

Sasa, mwanzo wa safari. Barabara yenyewe ni fupi, kutoka Uhuru Highway upande wa magharibi hadi Moi Avenue upande wa mashariki. Mwenye haraka huimaliza kwa robo saa. Ninyi ipeni saa tatu. Waongozaji wengi wa wageni huanzia hoteli ya Stanley, kwa kuwa wageni wao wamelala hapo au wanataka kahawa kwanza. Nawasihi mfanye kinyume: anzieni Uhuru Highway mje mashariki. Jua la asubuhi litakuwa usoni, basi bebeni kofia.

Nina sababu moja ya kuwageuza. Nusu ya magharibi ya barabara hii ni nusu ya karatasi. Hapo ndipo serikali, ya mkoloni na ya kwetu, imekuwa ikimwandika mtu tangu mwaka 1913 mpaka leo: kazaliwa, kaoa, kafa, anamfanyia nani kazi, ana ruhusa ya kuvuka mpaka au hana. Nusu ya mashariki ni ya fedha na starehe. Ukianza na hoteli utaona majengo mazuri, basi. Ukianza na karatasi, ukifika hotelini utakuwa unajua ni nani aliyekuwa akipita mlango wa mbele na nani wa nyuma.

Kwenye pembe ya Uhuru Highway kuna jengo fupi la mawe, limejikunyata chini ya ghorofa kubwa la Nyayo House kama bibi aliyeketi mbele ya nyumba ya mjukuu wake. Watu wa rika langu tunalijua kama ofisi ya zamani ya PC, yaani mkuu wa mkoa. Lilijengwa mwaka 1913. Wazungu wa enzi zile walilipa jina la mzaha lenye vina kwa lugha yao, ambalo maana yake ni kama kuanguliwa, kuozwa na kusindikizwa, kwa sababu ndimo zilimoandikishwa habari za vizazi, ndoa na vifo. Hapo pia ndipo palipohesabiwa kuwa sifuri: umbali wa kutoka Nairobi kwenda sehemu nyingine za nchi ulipimwa kuanzia hapo. Kwa mwalimu wa historia sioni mahali pazuri zaidi pa kumsimamisha mwanafunzi na kumwambia, hapa ndipo mji ulipojipima.

Leo humo ndani ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa, tangu mwaka 2005. Ingieni. Si pakubwa, ni vyumba vinavyouzunguka ukumbi wa katikati, na nusu saa inatosha. Mtakachokikuta ni mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Huyu alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, kwa miezi michache tu ya mwaka 1966, kisha akajiondoa katika siasa. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmasai. Alikusanya vitabu, stempu, vitambaa, vito na sanaa za Afrika kwa pupa ya mtu aliyeona vinaondoka na wageni, na mwaka 1972 akaanzisha jumba la sanaa la African Heritage pamoja na Alan Donovan. Likumbukeni jina lake, maana tutakutana naye tena mwisho wa njia.

Mkitoka, inueni macho. Nyayo House ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jina lake linatoka kwenye wito wa Rais Moi wa kufuata nyayo. Kwa Mkenya wa kawaida ni nyumba ya pasipoti. Makao ya idara ya uhamiaji yamo humo, na foleni zake ni sehemu ya utu uzima wetu. Lakini chini ya ardhi, miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990, palikuwa na vyumba vya giza ambamo watu walioshukiwa kuipinga serikali, wengi wakihusishwa na kundi la Mwakenya, waliteswa. Walifungiwa ndani ya maji. Walihojiwa kwenye ghorofa za juu, wakarudishwa chini. Mwaka 2003, baada ya mabadiliko ya serikali, vyumba vile vilifunguliwa umma ukaviona. Sijui binti ana moyo gani, utaamua mwenyewe umweleze kiasi gani. Mimi huwaeleza wanafunzi wa umri wake, tena huwaeleza wakiwa wameitazama foleni ya pasipoti, kwa sababu jengo ni lilelile na mlango ni uleule. Ila msipige picha hapo. Ni jengo la serikali, na simu ikiinuliwa tu mtaitwa.

Nitakiri kitu kama mtu wa majengo: kwa sura, Nyayo House si baya. Limetulia, halina madoido, linashika pembe yake vizuri. Hili limenisumbua miaka mingi. Tungependa mahali pa mateso pawe na sura ya mateso.

Hatua chache mbele ni Posta. Mtasikia makondakta wa matatu wakilitaja jina hilo zaidi ya jina la barabara yenyewe, maana "Posta" kwetu ni kituo, ni mahali pa kukutania, ni kipimo cha mji. Ghorofa ni Teleposta Towers, na hapo pia kuna Huduma Centre, ambako raia huenda kutafuta cheti cha kuzaliwa au kitambulisho kilichopotea. Sina mengi ya kusema juu ya usanifu wake. Nataka tu mwone kwamba shughuli ya ile nyumba fupi ya mwaka 1913 haikufa. Imehama mita chache na kupanda lifti.

Vukeni barabara sasa, kwa uangalifu, kwenda upande wa kaskazini hadi pembe ya Loita Street. Hapa ndipo pa kutulia.

Jengo mnaloliona, la mawe ya kuchonga, ni Kipande House. Nalo ni la mwaka 1913, na mjenzi anayetajwa ni Gurdit Singh Nayer, mmoja wa mafundi wa Kipunjabi ambao bila wao Nairobi ya mawe isingekuwako. Tazameni jinsi jiwe lilivyokatwa, pembe zake zilivyonyooka baada ya zaidi ya miaka mia. Leo ni tawi la benki ya KCB, iliyolinunua miaka ya 1970 na, kwa bahati yetu, haikulibomoa. Watu huingia kutoa pesa na kutoka bila kuuliza kwa nini linaitwa Kipande.

Kipande, mwalimu, ni neno letu la kila siku, kipande cha mkate, kipande cha nguo. Serikali ya kikoloni ililichukua likawa jina la kitu kinachochukiwa. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na maandishi ya mwajiri: ameanza lini, analipwa nini, ameachishwa lini. Hati ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, na kikopo kilining'inizwa shingoni kwa kamba. Marehemu babu yangu alikiita mbugi, neno la Kikuyu la kengele anayovishwa mbuzi, na Wakikuyu wengi wa rika lake walikiita hivyohivyo. Tulipokuwa watoto tulidhani ni utani.

Ujanja wa kipande haukuwa katika kumtambua mtu. Ulikuwa katika sahihi ya mwisho. Mtu asingeweza kuacha kazi na kupata nyingine mpaka mwajiri aandike kwamba amemwachilia. Akiondoka bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi walimsimamisha njiani, wakafungua kikopo, wakasoma. Na kwa vile mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa humo, mwajiri mpya aliuona kabla ya kutamka wake. Hebu fikiria kujadiliana bei na mtu anayesoma mfuko wako. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa na uhaba wa vibarua wa bei ya chini. Kipande kiliwatengenezea bei hiyo.

Mwezi wa Machi mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kuhutubia dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, si mbali na hapa, upande wa hoteli ya Norfolk. Mary Muthoni Nyanjiru aliwazomea wanaume kwa woga wao, na umati ukasogea. Risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwapo walihesabu zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kipande chenyewe kiliendelea hadi mwaka 1947. Mpaka leo mtamsikia mzee wa Kenya akiita kitambulisho chake cha taifa "kipande", bila uchungu wowote, kama jina tu. Wanawake hawakuvaa kipande, ila Nyanjiru ndiye aliyekifia.

Baada ya hapo mwendo unakuwa mwepesi. Mkielekea mashariki mtakuwa mnakata mitaa inayoingia kutoka kushoto na kulia, na ningependa binti aandike majina yake daftarini kwa mpangilio, pamoja na majina ya zamani. Koinange Street ilikuwa Sadler Street. Muindi Mbingu ilikuwa Stewart Street. Wabera ilikuwa Eliot Street. Kimathi ilikuwa Hardinge Street. Sadler, Stewart, Eliot na Hardinge wote walikuwa watawala waliotumwa kutoka London. Sasa soma majina mapya: Koinange wa Mbiyu alikuwa chifu mkuu wa Kiambu ambaye uzeeni alifungwa wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau. Muindi Mbingu, mwaka 1938, aliwaongoza Wakamba kuja Nairobi kwa maelfu kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao kwa kisingizio kwamba wamezidi malisho. Wakapiga kambi Kariokor wakidai kumwona gavana. (Unaona ng'ombe wanavyorudi tena katika hadithi ya barabara hii, safari hii bila mkokoteni.) Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa kwanza kuishika, akauawa mwaka 1963 miezi michache kabla ya uhuru. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo barabara yenyewe ni ya serikali, kutoka ofisi ya PC hadi mabenki, na mitaa inayoikata imepewa watu waliogongana na serikali hiyo, au waliokufa wakiitumikia. Sidhani waliobadilisha majina walipanga hivyo. Ramani ndivyo ilivyotoka.

Kwenye makutano ya Koinange Street kuna mnara mdogo ambao asilimia kubwa ya wapitao hawaujui. Ni ukumbusho wa Lionel Douglas Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, anayesifiwa kuwa wa kwanza kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwaka 1926. Mnara ni wa mwaka 1939 na umeandikwa umbali wa miji. Ni kitu kizuri, cha heshima. Njia ya pwani ilikuwa imetembewa kwa vizazi na wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, lakini wao hawakuwa na injini.

Wapagazi wana sehemu yao mbele kidogo. Mtaiona sanamu ya shaba ya watu watatu: askari wa King's African Rifles (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), mpiganaji mwenye mavazi ya Kiarabu, na mpagazi. Ni ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, uliozinduliwa mwaka 1928. Wewe mwalimu utamjua ndugu yake: yule askari wa Dar es Salaam pale Samora Avenue, aliyeinamisha singe kuelekea bandarini, ni kazi ya mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson, na alisimamishwa mwaka 1927. Mombasa pia wanaye wao. Dar wana askari peke yake. Nairobi wana mpagazi, na kwangu hilo linaipa sanamu ya Nairobi uzito zaidi, ingawa kwa uzuri wa umbo nawapa Dar ushindi.

Vita vile katika nchi zetu havikupiganwa kwa reli na malori peke yake. Viliwafuata Wajerumani wa Lettow-Vorbeck miaka minne ndani ya Tanganyika na kusini yake, kwenye mbung'o na mvua, na sehemu kubwa ya risasi na unga ilibebwa kichwani. Vijana walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar, mahali palipokuwa na kambi zao. Mnanunua vitenge leo juu ya kambi hiyo.

Maandishi ya jiwe yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ya Kiingereza yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi mtu kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mpe binti dakika azunguke sanamu yote. Halafu muulize ameona majina mangapi ya wapagazi. Someni Kiswahili chake kwa sauti pia. Ni Kiswahili cha zamani, na somo zuri la jinsi lugha inavyosogea.

Hapa ndipo vioo na mabenki yako yanapoanza kutawala, na sitakudanganya kwamba kila ghorofa lina siri. I&M Tower na ICEA mtaziona zenyewe. Nitakachokuomba ni kutazama vitu viwili. Cha kwanza, majengo ya miaka ya 1950 na 1960 yana mapezi ya saruji na vibaraza vya kuzuia jua nje ya madirisha, na mara nyingi ghorofa ya kwanza imetokeza juu ya njia ya miguu, kwa hiyo mpita njia anapata kivuli na kinga ya mvua. Cha pili, majengo ya vioo yaliyofuata yameacha hayo yote. Jua linaingia moja kwa moja na mashine ya kupoza hewa inalifukuza. Tuko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wenye hewa ya baridi ya kutosha, na bado tunalipa umeme ili tusikie baridi. Hilo ni neno la mzee mwenye hasira, lichukue kwa kiasi.

Kama miguu bado ina nguvu, pindeni kushoto Wabera Street dakika mbili. Mtaona maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye nguzo na simba wa mawe mlangoni, iliyojengwa na Lady McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mkabala wake ni Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, kuba tatu na minara miwili, na kwa jicho langu ndiyo kazi nzuri kuliko zote katikati ya mji wetu. Msikiti na maktaba vilikua pamoja, miaka ileile, na mlango mmoja tu kati ya hiyo miwili ndio uliokuwa wazi kwa Mwafrika aliyeamini.

Rudini kwenye barabara. Sasa mmefika Stanley, mkiwa na karatasi zote kichwani.

Hoteli ilianzishwa na mwanamke, Mayence Bent, mwaka 1902, sehemu nyingine ya mji. Iliungua mwaka 1905, ikahamahama, na New Stanley ikafunguliwa hapa mwaka 1913. Ndiyo, 1913 tena: mwaka mmoja uliipa barabara ofisi ya PC, Kipande House na hoteli. Pa kuandikia, pa kufanyia kazi, pa kulala. Mwaka uliofuata vita vikaja kuwachukua wapagazi. Mgahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa mwaka 1959 chini ya mgunga ambao wasafiri walibandikia barua: fulani, nimekusubiri, nimekwenda Kampala. Mti wa sasa si ule wa kwanza. Soko la hisa la Nairobi, lililoandikishwa mwaka 1954, lilianza kama maongezi ya mawakala wa Kizungu juu ya vikombe vya kahawa hapo Stanley, na hadi uhuru Mwafrika na Mhindi hawakuwa na nafasi katika biashara hiyo. Kahawa ya leo si ya bei ya mwalimu, ila kuingia kutazama si haramu.

Ng'ambo yake ni jengo la matofali mekundu lililokuwa hoteli ya Torr's, la mwisho wa miaka ya 1920. Mwenye mali alikuwa Ewart Grogan, maarufu kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Vitabu vya watalii huishia hapo. Mwaka 1907 mtu huyohuyo aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, vijana watatu wa Kikuyu waliokuwa wakivuta rikisho, kwa madai kwamba waliwavunjia heshima wanawake wa Kizungu. Umati ulikuja kutazama. Matofali lakini ni mazuri, siwezi kuyanyima haki yake.

Karibu na hapo ndipo ilipokuwa sanamu ya Delamere. Baada ya uhuru iliondolewa ikapelekwa Soysambu, shamba la ukoo wake kule Bonde la Ufa. Kenyatta hakuwekwa mahali pake. Sanamu yake imeketi KICC, jumba la mikutano la kimataifa. Aliye karibu zaidi ni Dedan Kimathi. Fuateni Kimathi Street kusini hadi Mama Ngina Street, mtamkuta amesimama na bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine, sanamu ya Kevin Oduor iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa kwake. Mama Ngina Street zamani ilikuwa Queensway, njia ya malkia. Mtaa huo nao uandikeni daftarini.

Kutoka kwa Kimathi, vukeni Moi Avenue hadi jengo la nguzo lililokuwa National Bank of India. Leo ni Nyaraka za Taifa. Hapo ndipo Murumbi anapowapokea tena: serikali ilinunua maktaba yake na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake, na mkusanyiko huo umewekwa humo kwenye ukumbi wenye jina lake. Mafaili ya ofisi na magazeti ya kikoloni, taarifa za wakuu wa wilaya, barua, malalamiko, karatasi zile zote tulizoanza nazo asubuhi, ziko juu ya vichwa vyenu katika rafu. Kwa sababu hiyo msije Jumapili, ijapokuwa ndiyo siku mji unapotulia. Njooni siku ya kazi, mapema, simu mfukoni na mkoba mbele ya kifua. Basi za Arusha haziko mbali na hapo.

Na mlangoni pa Nyaraka huenda mlinzi akawaomba kitambulisho kabla ya kuwaruhusu kupita. Wewe beba hati yako ya kusafiria, na ya binti usiiache kwenye begi la basi.